Kuzamia na papa wa bluu, mobula na potwe visiwani Azores: mwongozo kamili wa kupanga safari

Ukizoea kuzamia Mnemba, Watamu au Chole Bay, unazoea pia namna fulani ya kupanga likizo: unachagua kisiwa, unakata tiketi, unatafuta pa kulala, na samaki utakaowakuta ndio hao hao. Kwa mwamba wa matumbawe hesabu hiyo inakubali, kwa sababu mwamba hauhami. Azores haiendi hivyo. Wanyama wanaowavuta wazamiaji huko ni wa bahari kuu. Wanapita tu, tena katika miezi fulani na juu ya vilima fulani vya chini ya bahari, nawe utawafikia siku ambazo Atlantiki imetulia kiasi cha kuruhusu boti kutoka. Kwa hiyo geuza mpangilio: chagua mnyama kwanza, kisha mwezi, kisha kisiwa, na tiketi iwe ya mwisho. Juu ya hayo yote, tenga siku za akiba. Mtu anayekwenda Azores na ratiba iliyobana hununua tiketi ya kuangalia mawimbi kutoka gatini.

Azores ni mahali gani

Ni visiwa 9 vya Ureno, vyote vya volkeno, katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, takriban kilomita 1,500 magharibi mwa Lisbon. Mashariki kuna São Miguel na Santa Maria. Katikati kuna Terceira, Graciosa, São Jorge, Pico na Faial. Mbali kabisa magharibi kuna Flores na Corvo.

Jambo la kuelewa ni kina. Hapa hakuna miamba mipana ya maji mafupi kama ile ya Mombasa au Unguja. Boti ikitoka bandarini mwendo mfupi tu, chini yako tayari kuna mamia ya mita za maji. Humo vilindini huinuka vilima, ambavyo wenyeji huviita *banco* au *baixa*, na baadhi vinafika karibu na mwanga wa jua. Mkondo ukivigonga hupandisha chakula, samaki wadogo hukusanyika, na wakubwa huwafuata. Karibu kila mzamio mkubwa wa Azores unafanyika juu ya kilima cha namna hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua mnyama

Papa wa bluu hutafutwa kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba, hasa kutoka Faial na Pico, na pia kutoka Santa Maria. Ni papa mwembamba, mgongo wa buluu iliyokolea, tumbo jeupe, macho makubwa meusi na mapezi ya kifuani marefu kupita kiasi. Mara mojamoja huja papa wa aina nyingine, mako, badala yake au pamoja naye.

Mobula ni taa wa jamii moja na manta. Anayeonekana zaidi Azores ni *Mobula tarapacana*, ambaye mabawa yake hufika upana wa zaidi ya mita 3. Huja makundi makundi kuanzia Julai hadi Septemba, na kukaa karibu na vilele vya vilima viwili vinavyojulikana sana: Princess Alice, kusini-magharibi mwa Faial na Pico, na Ambrósio, kilomita chache tu kaskazini mwa Santa Maria. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mobula waliofungwa vifaa vya satelaiti karibu na visiwa hivi: walikuwa wakishuka hadi karibu mita 1,900, kwenye maji ya baridi kali na giza totoro. Kule juu, jirani na mzamiaji mwenye mtungi wake mmoja, inaelekea huwa wanapasha mwili joto.

Potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, naye yupo, hasa Santa Maria mwishoni mwa kiangazi, maji yakipata joto. Alianza kuonekana mara nyingi zaidi kuanzia 2008. Lakini niseme wazi: ikiwa unachotaka ni potwe peke yake, huhitaji kuvuka bara. Nenda Mafia kati ya Oktoba na Machi, panda boti Kilindoni, utarudi nyumbani na chenji. Potwe wa Azores mhesabu kama bahati. Akija, mara nyingi huja na jodari wanaowinda pembeni yake, na hilo Mafia si rahisi kuliona.

Nyangumi ni habari nyingine. Kashaloti, yule mwenye kichwa kama sanduku, wapo mwaka mzima, na nyangumi wakubwa zaidi hupita majira ya kuchipua, Aprili hadi Juni. Hao utawatazama kutoka kwenye boti. Sheria ya Azores hairuhusu watalii kuingia majini na nyangumi. Kuogelea na aina fulani za pomboo kunaruhusiwa kupitia kampuni zenye leseni, lakini bila mitungi. Kampuni ikikuahidi kukuzamisha na nyangumi, iache.

Hatua ya pili: mwezi na kisiwa

Kwa anayetaka papa na mobula katika safari moja, kipindi kizuri ni mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba. Mgandamizo mkubwa wa hewa unaoitwa kwa jina la visiwa hivi huwa umetulia juu ya bahari, pepo zinapungua, na maji yanafika nyuzi 22 hadi 24. Huko hakuna kusi wala kaskazi ya kuitegemea, kwa hiyo hali ya hewa hutazamwa siku kwa siku. Septemba maji yana joto zaidi kuliko Julai, ila mabaki ya tufani za Atlantiki huanza kupita. Mwaka 2019, mwanzoni mwa Oktoba, tufani Lorenzo iliibomoa bandari ya Lajes kisiwani Flores. Ndiyo maana Oktoba mimi simshauri mtu wa kutoka mbali.

Kuhusu kisiwa, usijaribu kuvimaliza. Chagua moja ya kambi mbili.

Faial na Pico zinatazamana. Feri kati ya Horta na Madalena ni kama nusu saa, kwa hiyo unaweza kulala upande mmoja na kuzamia upande wa pili. Hapa ndipo penye papa wa kilima cha Condor na safari ndefu ya Princess Alice. Horta nayo ni mji wa mabaharia wa mashua za matanga, na kuta za bandari yao zimejaa michoro ya waliopita.

Santa Maria ni kisiwa kidogo na kikavu zaidi, chenye maji ya joto kuliko vingine. Ambrósio iko karibu, kwa hiyo unakwenda kuona mobula asubuhi na unarudi kula mchana. Kuna pia Formigas, vijiwe vya bahari kuu vilivyo takriban kilomita 37 kaskazini-mashariki, eneo lililohifadhiwa tangu 1988. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa boti ndogo saa nyingi katika bahari ya wazi, ningemwelekeza Santa Maria bila kusita. Mwenye uzoefu na anayetaka papa kwanza aende Faial au Pico.

Corvo ninaitaja kwa wapenda chewa tu. Kuna mahali panaitwa Caneiro dos Meros ambapo wenyeji wenyewe walikubaliana kutovua, na chewa wakubwa wa pale hawana hofu na mtu. Ila kufika Corvo kunakula siku.

Hatua ya tatu: jipime ujuzi wako kwa ukweli

Cheti cha kwanza cha kuzamia, kile cha mita 18, kinakutosha kwa mizamio ya pwani na mara nyingi kwa papa wa bluu, kwa kuwa papa huangaliwa kwenye mita 5 hadi 10. Kwa Princess Alice vituo vingi hudai cheti cha juu zaidi na idadi fulani ya mizamio iliyoandikwa kwenye daftari, na wana sababu. Kilele cha kilima hicho kiko takriban mita 30 na zaidi, mkondo wake unaweza kuwa mkali, na nchi kavu iko saa kadhaa nyuma yako.

Kinachowashinda wengi wala si kina. Ni kukosa kitu cha kutazama. Kwenye mwamba macho yako yanakwambia kama unapanda au unashuka. Kwenye bahari kuu kuna buluu juu, buluu chini na buluu pande zote, na mtu huzama mita 5 huku akidhani ametulia. Ujuzi unaohitajika ni huu: kukaa kwenye kina kimoja kwa kutumia pumzi na kompyuta ya mkononi tu, kusimama dakika 3 kwenye mita 5 bila kushika kamba, na kurusha boya la ishara kutoka chini bila kuvutwa nalo.

Hayo yote unaweza kuyafanyia mazoezi nyumbani. Pemba inafaa kuliko pote ninapopajua katika pwani yetu, kwa sababu kuta zake zinatumbukia kwenye mkondo wenye kina kikubwa sana. Mwombe kiongozi wako mumalize mzamio mbali kidogo na ukuta, ukutani usiguse wala usitazame, na msimamo wa mita 5 ufanyie kwenye buluu tupu. Rudia mpaka kompyuta ionyeshe mstari ulionyooka. Aliyekuwa hajazamia mwaka mzima afanye marudio kabla ya kusafiri. Siku ya kukumbuka namna ya kutoa maji kwenye miwani isiwe siku ya papa.

Hatua ya nne: viza na bima

Azores iko ndani ya eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, hata kama anaishi London. Kibali cha ukaazi cha Uingereza hakikuondolei hitaji hilo. Anayeishi kihalali Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen anaingia kwa kibali chake cha ukaazi na pasipoti.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu 2024. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Unatakiwa kuonyesha bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Kwa safari ya Agosti, mimi ningepeleka karatasi mwezi wa Aprili au Mei, maana foleni za miadi hujaa kiangazi kinapokaribia. Barua ya kituo cha kuzamia inayoonyesha tarehe ulizohifadhi husaidia, kwa sababu inaeleza kwa nini unataka kwenda kisiwani na si Lisbon tu.

Bima ya viza isikuhadae. Nyingi hazigharamii kuzamia kwa mitungi, au zinaishia kina kidogo. Chukua ya pili, mahususi kwa wazamiaji. DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, ina tawi la Ulaya na la Kusini mwa Afrika, na kuna nyingine. Soma mambo matatu: kina cha mwisho wanachokubali, kama wanalipia matibabu ya chumba cha hewa ya shinikizo, kinachotibu ugonjwa wa mgandamizo wa wazamiaji, na kama wanalipia kuhamishwa kutoka kisiwani. Faial kuna chumba hicho hospitalini Horta. Ukizamia kisiwa kisicho na chumba hicho, kukuhamisha ndiko gharama iliko.

Hatua ya tano: tiketi na kalenda

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja. Unapitia Ghuba, Istanbul au mji mkubwa wa Ulaya hadi Lisbon, kisha kama saa mbili na nusu hadi Ponta Delgada kisiwani São Miguel. Zipo pia ndege za kutoka Lisbon moja kwa moja hadi Horta, Pico na Terceira. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna ndege ndogo za shirika la SATA. Ponta Delgada hadi Santa Maria ni safari ya nusu saa hivi. Ndugu zetu wa Boston na Toronto wana bahati zaidi: ndege inavuka kutoka kwao hadi Ponta Delgada bila kupitia Ulaya.

Usiunganishe ndege ya kisiwani na ya kimataifa kwa saa mbili. Ukungu na upepo huahirisha ndege za visiwani hata kiangazi. Lala usiku mmoja Lisbon au Ponta Delgada wakati wa kurudi. Usiku huo pia unakupa muda wa kutoa naitrojeni, gesi inayojikusanya mwilini unapozamia; muda wa kusubiri kabla ya ndege nitaueleza mwishoni.

Sasa kalenda yenyewe. Kwa lengo la papa na Princess Alice ningepanga si chini ya siku 8 kisiwani. Siku ya kuwasili pumzika. Siku ya pili zamia karibu na pwani, upime uzito wa risasi (vipande vizito vinavyovaliwa ili uweze kuzama) na uone kama vifaa viko sawa. Kuanzia siku ya tatu omba mizamio mikubwa yote: papa na Princess Alice ziwekwe mwanzoni. Wengi huiacha bora mwisho, na hapo ndipo wanapopotea. Bahari ikichafuka siku ya sita, hakuna pa kuisogeza. Ikichafuka siku ya tatu, bado una tatu au nne za kujaribu tena. Princess Alice huhitaji pia idadi ya chini ya watu ili boti itoke, kwa hiyo iandikie kituo mapema na useme uko tayari siku yoyote kati ya hizi na hizi.

Kuhusu fedha, tenga kwa siku moja ya papa, na zaidi kwa Princess Alice, kiasi kinachozidi sana bei ya mizamio miwili ya kawaida. Mafuta ya boti ndiyo yanayolipiwa. Uliza kwa maandishi: wakisitisha kwa sababu ya bahari, fedha inarudi au inahamishiwa siku nyingine? Wakifika wakakosa mnyama, hairudi popote, na hiyo ni haki.

Hatua ya sita: maswali ya kukiuliza kituo

Yafuatayo hayahitaji adabu nyingi. Yaulize moja kwa moja kwenye barua pepe. Kiongozi mmoja ana wazamiaji wangapi? Boti ina oksijeni ya dharura na redio? Nani anabaki juu ya boti wakati wote wako majini? Wanakodisha suti ya milimita 7 ya saizi yako? Vali za mitungi ni za kuskrubu za DIN au za kubana kama zetu za pwani? Mara nyingi zinakubali zote mbili, lakini mwenye regulata yake, kifaa cha kupumulia, asafiri na kiunganishi.

Kituo kinachokuuliza wewe maswali zaidi ya unavyokiuliza, kinachotaka kuona daftari lako na tarehe ya mzamio wa mwisho, hicho ndicho cha kulipa.

Hatua ya saba: vifaa

Suti ya milimita 3 uliyoizoea kwenye maji ya nyuzi 27 au 28 iache nyumbani. Hata Agosti, kukaa saa nzima karibu bila kusogea ukisubiri papa kunapoza mwili kuliko kuogelea. Chukua milimita 7, au 5 yenye kofia kwa wale wasiosikia baridi. Mpira mnene unaelea zaidi, kwa hiyo utaongeza risasi kuliko kawaida yako. Pima siku ile ya pili, mtungi ukiwa karibu mtupu: ukiwa na hewa ya baa 50 iliyobaki unapaswa kuweza kusimama mita 5 bila kupambana.

Kila mzamiaji awe na boya lake la ishara na kamba yake, hata kama kiongozi analo. Ongeza filimbi na tochi ndogo. Mawimbi ya mita moja na nusu yanatosha kukificha kichwa cha mtu mita mia moja kutoka kwenye boti. Glavu ziwe nyeusi. Viganja vyeupe vinavyopepea mbele ya papa vinafanana na vipande vya samaki.

Siku ya papa

Boti inatoka Horta au Madalena na kuelekea Condor, kilima kilichoko takriban kilomita 17 kusini-magharibi mwa Faial. Mwaka 2010 kilifungwa kwa uvuvi wa vilindini ili kitafitiwe. Kilele chake kiko karibu mita 200 chini, kwa hiyo hakuna ardhi utakayoiona.

Nahodha anazima injini na boti inaachwa ielee na mkondo. Ndoo yenye matundu, iliyojazwa vipande vya samaki, inateremshwa ubavuni, na mafuta yake yanatandaa majini kama njia nyembamba inayong'aa nyuma ya tezi. Kisha mnasubiri. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa tatu. Huu ndio wakati ambao boti inayumba bila mwendo na matumbo yanaanza kulalamika. Kidonge cha kichefuchefu kinamezwa kabla ya kupanda boti, na ni vizuri zaidi usiku uliotangulia. Ukishaanza kutapika kimechelewa. Muulize daktari kama kinafaa kwa mzamiaji, kwa kuwa baadhi huleta usingizi. Kula mkate na ndizi, achana na kahawa tupu. Kaa uso ukielekea upeo wa bahari, usiiname kwenye begi kutafuta betri.

Papa wa kwanza huonekana kama kivuli cha buluu chini ya ndoo. Hakuna anayeruka. Mnaingia mmoja mmoja taratibu, bila kishindo, na kushuka kwenye kamba yenye uzito inayoning'inia hadi mita 10 hivi. Kanuni zenyewe ni chache, na hazina mjadala:

- Kaa wima, mgongo wako uelekee wenzako, na mtazame papa wakati wote. Akipita nyuma, geuka naye.
- Mikono ibaki kifuani. Usimpapase, hata akija jirani kiasi gani.
- Usikae kwenye njia ya mafuta ya chambo, wala usiguse ndoo.
- Kiongozi akitoa ishara ya kupanda, panda. Mako akichangamka, wengi humaliza mzamio hapo hapo.

Papa wa bluu hufika mpaka kwenye lenzi na kuigusa kwa pua. Si hasira. Puani mwake ana vitundu vinavyohisi umeme hafifu, na kamera yako ina betri. Msukume kwa kamera yenyewe, polepole, pembeni. Mwangalie jicho linavyozunguka kukufuata anapopita, na mapezi yale marefu yanavyokaa bila kupiga. Wapiga picha wengi hupitwa na hayo kwa sababu wako kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera.

Kuna wanaopinga matumizi ya chambo, kwamba yanabadilisha tabia ya mnyama. Hoja hiyo ina uzito, na asiyetaka kushiriki ana mobula, ambao hawavutwi na chochote. Mimi naona kwamba papa huyu, anayevuliwa kwa wingi na meli za kamba ndefu, amepata Azores thamani akiwa hai, na hilo si dogo. Mwaka 2024 bunge la visiwa hivi liliidhinisha kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yake, takriban kilomita za mraba 287,000, na nusu ya eneo hilo ilipangwa isiruhusu uvuvi kabisa.

Siku ya Princess Alice

Kilima hiki kilipata jina kutokana na meli ya utafiti ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, aliyekigundua mwaka 1896. Kiko maili 45 hadi 50 za baharini kutoka bandarini, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu bahari ikiwa njema. Mnaondoka alfajiri na kurudi jioni.

Boti nyingi hazina kivuli cha maana wala choo, kwa hiyo jiandae bila aibu. Vaa koti la upepo juu ya suti, kofia, na mafuta ya jua. Chukua maji ya kutosha, kwa sababu mwili uliokauka hushambuliwa kirahisi na mapovu ya naitrojeni. Biskuti za tangawizi zinashuka hata pale chakula kingine kinapogoma.

Mkifika, boti inatia nanga na kamba inatupwa nyuma kwa ajili ya wanaosubiri. Mkondo wa juu mara nyingi ndio mkali. Ukianguka majini shika kamba mara moja, jivute hadi omo, kisha shuka kwa kamba ya nanga. Usianze kuogelea kwa mapezi kushindana na mkondo. Utaimaliza hewa kabla hujaona kitu. Hakuna haja ya kufika kileleni. Mobula, kolekole, mizia na nguru huzunguka kati ya mita 5 na 20, kando ya kamba. Kaa hapo, vuta pumzi polepole, acha mkono mmoja kwenye kamba.

Mobula ukimfuata anaondoka. Ukitulia anarudi, na wenzake nyuma yake, wamepangana kwa ngazi, matumbo meupe juu yako na chazo wawili watatu, samaki wadogo wanaojibandika kwa wakubwa, wamegandamana nao. Huja karibu kiasi kwamba unaona vipande vya ngozi vya kichwani vikikunjwa na kukunjuliwa. Mapovu yako ukiyatoa kidogo kidogo wanakaa zaidi. Mwenye cheti cha naitroksi, hewa yenye oksijeni zaidi na naitrojeni pungufu, aitumie siku hii, ili mzamio wa pili, baada ya saa moja na zaidi ya kupumzika kwenye boti, usikatwe mapema.

Ambrósio ya Santa Maria inafuata kanuni hizo hizo, bila safari ya saa tatu.

Siku ambazo bahari inakataa

Zitakuwepo. Upande wa kisiwa uliokingwa na upepo huwa na mzamio wa kufaa: mapango ya lava, matao, chewa, ngisi. Ukikwama São Miguel kuna Dori, meli ya mizigo ya aina ya Liberty ya wakati wa Vita Kuu ya Pili iliyozama 1964 karibu na Ponta Delgada, kwenye maji yasiyozidi mita 20 hivi. Au nenda na boti za kutazama nyangumi kutoka Lajes do Pico. Wanaoelekeza boti hizo huketi kwenye vibanda vya juu ya majabali wakiwa na darubini, vibanda vile vile walimokaa walinzi wa wavuvi wa nyangumi hadi miaka ya 1980.

Tahadhari moja kuhusu Mlima Pico. Una mita 2,351, na kila mzamiaji aliyekosa bahari huutamani. Mwili hautofautishi mlima na ndege: kwenda juu upesi baada ya kuzamia kunaweza kuleta ugonjwa wa mgandamizo, yaani naitrojeni kugeuka mapovu mwilini. Upande kabla ya kuanza kuzamia, au siku nzima baada ya mzamio wa mwisho. Hata barabara ya gari inakufikisha mita 1,200 hivi pale njia ya miguu inapoanzia.

Siku za mwisho

Baada ya mzamio mmoja subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na baada ya mizamio ya siku kadhaa angalau saa 18. Mimi hushika 24 na siangalii kompyuta inasemaje. Ndege ndogo ya kisiwa hadi kisiwa inahesabiwa pia. Ganzi, maumivu ya viungo, uchovu usio wa kawaida au vipele baada ya kuzamia visisubiri mpaka ufike nyumbani: omba oksijeni kituoni na upige simu ya bima papo hapo.

Suuza vifaa kwa maji matamu siku ya mwisho asubuhi, vipate kukauka. Suti ya milimita 7 iliyolowa itakutoza uzito wa ziada uwanjani.

Picha zako zina kazi nyingine pia. Potwe hutambuliwa kwa madoa yake, hasa ya ubavu wa kushoto nyuma ya matamvua, na hifadhi ya picha ya Sharkbook hupokea za watalii kutoka Azores na kutoka Mafia vilevile. Mobula hutambuliwa kwa alama za tumboni, na Azores kuna orodha yao iitwayo Manta Catalog Azores. Tuma picha ambayo haijahaririwa, pamoja na tarehe, jina la kilima na kina ulichokuwa.